Mtakatifu aliyebaki nusu uso: kumwacha, kumshikiza au kumpaka upya?

Kamati yetu ya majengo imekutana mara tatu baada ya misa ya pili, chini ya mwembe, na mara zote tatu tumetawanyika kila mtu na lake. Jambo lenyewe ni picha za ukutani: malaika wawili juu ya tao la altare, na mtakatifu upande wa kushoto ambaye shavu moja limekwisha kupukutika. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alisema bila kuzunguka, "Baba Paroko, mtakatifu asiye na jicho tunamtazamaje tukisali?" Katekista mstaafu akajibu kwamba alibatizwa mbele ya picha hizo na ataagwa mbele ya hizo hizo, basi asiziguse mtu. Kijana mchoraji, mwenye mkono mzuri kweli, amejitolea kupaka upya bure kabla ya jubilei. Paroko akanigeukia: "Katibu, tuandikie. Tuzione njia zote kwenye karatasi moja."

Karatasi ndiyo hii. Nimeiandika kwa ajili ya kanisa letu hapa Bagamoyo, lakini mwenye kanisa kongwe Tanga au Pangani atajikuta humu, maana bahari ni ile ile na chumvi ni ile ile.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutunza bila kugusa: unashughulika na paa, maji, popo na madirisha, picha yenyewe unaiacha. Ya pili ni kushikiza: unafunga lipu na rangi iliyolegea, unasafisha, lakini huongezi rangi hata tone. Ya tatu ni kurudisha sura: unajaza yaliyopotea, au unapaka upya kabisa. Mabenchi, sanamu, vinara na mavazi ya misa navyo vina njia hizo hizo tatu.

Mambo ya kupimia

La kwanza ni maji na chumvi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipokosea zamani.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zinavuta maji kutoka chini kama utambi unavyovuta mafuta. Maji hayo yanabeba chumvi: ya ardhini, ya mchanga wa pwani uliochanganywa kwenye lipu, na ile inayoletwa na upepo wa bahari. Chumvi ya kawaida ina tabia moja: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi inayeyuka yenyewe, na ukishuka chini ya hapo inaganda tena kuwa fuwele. Mwambao wetu unapanda na kushuka kwenye mpaka huo mara kwa mara, usiku na alfajiri hewa nzito, mchana jua kali. Kila chumvi inapoganda, fuwele zinakua nyuma ya rangi na kuisukuma. Ule unga mweupe unaouona chini ya mtakatifu asubuhi si vumbi. Ni yeye mwenyewe anaondoka.

Watu nao huleta maji. Mtu aliyekaa hutoa takriban gramu 50 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na ngozi. Weka waumini 300 kwa saa mbili, hizo ni lita 30 hewani, sawa na ndoo moja na nusu ya lita 20, na hapo sijahesabu kwaya.

Msemo wa ufa na ukuta tunaujua sote, lakini usisahau kuuliza ufa unazibwa kwa nini. Ukuta wa sakristia yetu, chumba anamovalia padre, ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Mkandarasi tuliyempa kazi akauziba kwa saruji, akapiga lipu ya saruji hadi usawa wa kiuno, akamalizia kwa rangi ya plastiki. Tulishangilia. Masika mbili baadaye unyevu, uliokosa pa kutokea chini, ulikuwa umepanda juu ya saruji na kutokea kwenye chokaa ya zamani, na lipu nzuri ya juu ikaanza kuanguka vipande. Fundi wa chokaa kutoka Dunda tuliyemwita baadaye aligusa ukuta kwa kiganja akasema, "Mmeuziba pua." Sijasikia maelezo bora zaidi.

La pili: je, kitakachofanywa kinaweza kutenguliwa? Kizazi kijacho kitajua zaidi yetu, kiachiwe mlango. La tatu ni mikono na fedha: nani ataifanya, kwa gharama gani leo na gharama gani kila mwaka. La nne ni ibada, kwa sababu hili ni kanisa la watu wanaosali, si chumba cha makumbusho.

Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, kwa hiyo kanisa la misheni haliingii kwa umri wake peke yake, mpaka litangazwe kuwa la kulindwa. Lakini sheria hiyo hiyo inataja milango na fremu za mbao zilizochongwa Afrika, kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki, kabla ya 1940. Mlango wetu wa pembeni huenda umo. Kabla ya kugusa chochote, barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, na nakala kwa jimbo.

Njia ya kwanza: kutunza bila kugusa

Maji na chumvi. Hapa ndipo njia hii ina nguvu zake zote. Unaanza juu: mabati yaliyotoboka, gata lililojaa majani ya mwembe, bomba la mvua linalomwaga miguuni mwa ukuta. Kisha chini: udongo na maua yaliyopandwa kuegemea ukuta yaondolewe, ardhi iinamie nje. Kisha hewa. Sisi tulikuwa tunafungua madirisha yote saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya misa na kuyaacha mpaka usiku, tukidhani tunakausha. Kumbe kuta nene bado zina ubaridi wa usiku, na hewa nzito ya asubuhi ikizigusa inaacha maji juu yake kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ni afadhali kufungua wazi kuanzia adhuhuri, jua likiwa limekausha hewa, na kufunga magharibi. Kipima unyevu kidogo si ghali. Mtu aandike namba asubuhi, mchana na jioni kwa mwaka mzima, vuli na masika zote ziingie, ndipo mtajua kanisa lenu linapumua vipi. Usibishane na jirani ambaye kanisa lake lina madirisha tofauti.

Popo wanastahili mstari wao. Mkojo na kinyesi chao huchoma rangi na kuongeza chumvi nyingine mbaya. Wazibie njia jioni wakishatoka, na msifanye hivyo wakati wana watoto.

Kutengua. Hakuna cha kutengua, ndiyo raha yake.

Mikono na fedha. Paa linaweza kula fedha nyingi, lakini paa lingehitajika hata kama kuta zingekuwa nyeupe. Kazi nyingine zinafanywa na jumuiya zenyewe: zamu ya gata, zamu ya kufagia, zamu ya kuandika namba. Gharama iliyojificha ni nidhamu. Zamu hufa mwenyekiti akihama.

Ibada. Mtakatifu anabaki na nusu uso. Yule mama hajajibiwa.

Samani. Benchi livutwe upana wa kiganja kutoka ukutani, miguu ipandishwe juu ya vipande vya jiwe au plastiki ngumu ili isinywe maji ya sakafu na mchwa wasipate njia ya siri. Kila Jumamosi mtu apige magoti na tochi atazame chini: rundo dogo la unga mpya maana yake mbao zinabunguliwa sasa hivi. Tundu la zamani lisilo na unga linaweza kuwa la mdudu aliyeondoka enzi za Mjerumani. Kasula za zamani, yale mavazi ya juu ya padre wakati wa misa, zilazwe, zisitundikwe, kwa sababu uzito wa nyuzi za dhahabu unachana hariri mabegani. Vinara vya shaba visisuguliwe kila wiki, kila kusugua kunaondoka na shaba kidogo, na nakshi za mkono huisha hivyo hivyo.

Inawafaa nani. Parokia isiyo na fedha ya mtaalamu lakini ina watu wanaodumu katika zamu, na kanisa ambalo rangi yake bado imeshika hata kama imefifia.

Njia ya pili: kushikiza na kusafisha

Kwanza mjue mna picha ya aina gani. Kuna rangi iliyopakwa lipu ya chokaa ikiwa mbichi. Chokaa inapokauka inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe, na rangi inafungwa ndani ya jiwe hilo. Kuna na rangi iliyopakwa juu ya lipu kavu kwa gundi, maziwa au mafuta, hii imekaa juu kama nguo. Mtaalamu hugusa sehemu ndogo iliyojificha kwa pamba yenye unyevu kidogo sana. Pamba ikirudi na rangi, basi yeyote atakayekuja na ndoo na kitambaa azuiwe mlangoni.

Maji na chumvi. Njia hii haiponyi maji. Ukishikiza rangi juu ya ukuta uliolowa, umefunga mfuko juu ya chungu kinachochemka. Uingereza walilipia somo hili. Picha nyingi za zama za kati makanisani mwao zilifunikwa kwa chokaa katika karne ya 16, na zilipofunuliwa tena, mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu mkubwa wa wakati huo, E. W. Tristram, alizipaka nta ili kuzilinda. Nia ilikuwa njema kabisa. Nta ikavuta uchafu, ikawa nyeusi, ikazuia ukuta kupumua, na waliokuja baada yake walitumia miaka mingi kuiondoa. Chokaa ile ya waliotaka kuzifuta ilizihifadhi vizuri kuliko nta ya aliyezipenda.

Kutengua. Inategemea kilichotumika. Lipu iliyoachana na ukuta hugongwa kwa kifundo cha kidole, inalia tupu kama debe. Huingizwa uji wa chokaa na mchanga laini uliooshwa chumvi, kwa bomba la sindano, na kushikiliwa kwa mkono au kwa mto mpaka ishike. Huo ni mwili ule ule wa ukuta, haudhuru hata usipotenguliwa. Vigamba vya rangi hulazwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi nyepesi. Baadhi ya gundi za kisasa, kama Paraloid B-72, huyeyuka tena kwa asetoni, na hilo ni jema, lakini nazo zikizidi huziba. Mtu akikwambia dawa yake "haitoki milele" akidhani anaisifia, mshukuru na umsindikize.

Mikono na fedha. Hapa panauma. Kushikiza kunataka aliyesomea, na wa namna hiyo kwetu ni wachache, mara nyingi hutoka mbali. Msimpe fundi wa kawaida hata awe hodari. Lakini mafundi wetu wa chokaa wana nafasi kubwa kama wasaidizi: kuchekecha mchanga, kuivisha chokaa, kurekebisha lipu isiyo na picha. Gharama ni kubwa mara moja, kisha inashuka, mradi njia ya kwanza inaendelea. Kusafisha masizi ya mishumaa na ubani huanza na brashi laini na sponji kavu, kwa kipande cha sentimita tano kwa tano, wote watazame, kisha ndipo waendelee. Sabuni ya unga kamwe.

Ibada. Picha inang'aa kuliko watu walivyokumbuka, na mapengo yanabaki mapengo, labda yakitiwa rangi moja tulivu ya chokaa ili jicho lisikwame. Wengine wanaona hapo pana ukweli: kanisa limezeeka pamoja nasi. Wengine wanaona kazi iliyoachwa nusu. Itabidi sehemu ya kanisa izibwe kwa majukwaa ya mbao kwa wiki kadhaa, arusi zihamishiwe kigangoni.

Samani. Mguu wa benchi uliolegea uunganishwe kwa gundi ya ngozi, ile ya kupashwa moto, kwa sababu fundi wa kesho ataifungua kwa maji ya uvuguvugu na mvuke. Gundi za kisasa za vichupo viwili hupasua mbao kabla ya kuachia zenyewe. Kitu kidogo cha mbao tupu kilichobunguliwa kinaweza kufungwa vizuri katika nailoni, hewa ikitolewa, na kulazwa katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Wadudu hufa bila sumu. Friza za samaki hatuzikosi Bagamoyo, ila uifunge vizuri, isije misa ikanukia nguru. Sanamu yenye rangi juu ya chokaa au jasi isiingizwe humo, mbao husinyaa na rangi ikabaki juu.

Inawafaa nani. Kanisa ambalo rangi inaanguka sasa, paa limekwisha kutengenezwa, na kuna mfadhili anayekubali kulipia kazi ambayo watu wengi hawataiona.

Njia ya tatu: kurudisha sura

Njia hii inachekwa sana na wasomi, kwa hiyo nitaipa haki yake.

Maji na chumvi. Rangi mpya ikiwa ya plastiki ni ule mfuko tena. Ikiwa ni ya chokaa na madini, ukuta unapumua, na kama ukuta bado unalia maji rangi hiyo itaanguka kama iliyotangulia, tofauti ikiwa kwamba mara hii mtakuwa mmepoteza zote mbili.

Kutengua. Kuna namna mbili na zisichanganywe. Namna ya kwanza ni kujaza mapengo tu, kwa rangi za maji, kwa mistari myembamba ya wima. Ukiwa kwenye benchi unaona shavu limekamilika, ukisogea hatua mbili unaona mistari, unajua kipi ni cha zamani na kipi ni cha juzi. Waitalia walioiasisi, katika taasisi ya urejeshaji ya Roma iliyoanzishwa 1939 chini ya Cesare Brandi, walitaka mtu asidanganywe, na rangi iweze kufutika. Namna ya pili ni kupaka juu ya picha yenyewe. Hiyo hairudi. Mwaka 2012 katika mji wa Borja, Hispania, muumini mwenye mapenzi mema alimtengeneza Yesu wa ukutani, akamharibu sura, na dunia nzima ikacheka. Watalii walifurika, ni kweli, lakini sidhani kama yupo kwetu anayeomba utalii wa namna ile.

Mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa kuhusu utunzaji wa majengo ya kale, unasema urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Kama mna picha ya kamera ya zamani inayoonyesha shavu la pili la mtakatifu, hamkisii. Kama hamna, jicho hilo litakuwa la mchoraji wenu.

Mikono na fedha. Kijana wetu hadai kitu, na kwa kamati isiyo na kitu bure ina sauti tamu. Mjazaji wa mistari ya wima ni ghali kama mshikizaji, mara nyingi ni mtu yule yule.

Ibada. Hapa ndipo njia hii inapozishinda mbili za kwanza. Picha kanisani iliwekwa ili itazamwe kwa sala. Waraka wa Nara, Japani, wa 1994 kuhusu uhalisi wa urithi ulikubali kwamba uhalisi wa kitu hupimwa ndani ya utamaduni wake, na huko huko Japani hekalu la Ise hujengwa upya kila miaka 20 bila mtu kusema limekuwa bandia. Mama wa WAWATA si mjinga wa historia. Anauliza picha ni ya nani.

Na kuna mlango wa kati usiotajwa vikaoni: kijana achore mtakatifu mpya, mzima, kwenye mbao au turubai, asimame mbele ya pengo bila kugusa ukuta. Mishumaa iwashwe kwake.

Samani. Msasa na vanishi ya kung'aa vinapendwa kabla ya jubilei. Benchi la mninga likipigwa randa linapoteza kona zilizolainishwa na mikono ya miaka mia, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya kanisa iliyotengenezwa na waumini wenyewe. Lakini mguu uliokwisha kabisa ubadilishwe, kwa mbao ya aina ile ile, na mwaka uandikwe chini pasipoonekana. Wachongaji wa milango wa hapa wanaweza kunakili ua lolote. Waombwe wanakili lililopotea tu.

Inawafaa nani. Kanisa ambalo ukuta umekauka, ushahidi wa sura ya zamani upo, na waumini wanataka picha ya kusalia kuliko kumbukumbu ya kutazama. Au ambapo kilichopotea ni kidogo sana, ua la pambo linalojirudia ukuta mzima.

Kwa hali yenu

Paa linavuja: hamna uchaguzi bado. Kashikeni ngazi.

Rangi inadondoka wiki hii na mtaalamu yuko miezi sita mbele: pigeni picha kila sentimita kwa simu, rula ikionekana, mwanga wa pembeni. Vipande vilivyoanguka viokotwe, viwekwe kwenye bahasha yenye tarehe na mahali. Msifagie, wala msibandike kwa gundi ya karatasi.

Ukuta mkavu, picha imefifia tu: njia ya kwanza kwa mwaka mmoja, na namba za kipima unyevu zikisomwa kikaoni kabla ya kuchagua nyingine.

Lipu inalia debe juu ya vichwa vya watu: hapo ni usalama. Kamba ifungwe, mabenchi yahamishwe, na aitwe mshikizaji hata kwa kukopa.

Kuna saruji chini: itolewe polepole, kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine, na ukuta uachwe uchi msimu mzima wa kiangazi ukauke. Utakuwa mbaya machoni. Sisi tuko hapo sasa na arusi mbili zimepigwa picha na kitenge kikiwa kimetundikwa mbele.

Jubilei iko karibu na fedha ipo kidogo: shughulikieni paa, gata na popo, mpeni kijana turubai. Wetu ameshapewa vipimo vya pengo, na mama wa WAWATA ndiye anayesimamia, tena ameanza kwa kumkataza asichore mtakatifu mwenye macho ya bluu.